Kufuata Tromboni ya Sear Bliss, Magharibi ya Hungaria

Alhamisi, Budapest

Tangu Sear Bliss watoe Heavenly Down mwaka 2024, haipiti wiki sijaisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho. Ni albamu yao ya tisa. Bendi ilianza mwaka 1993 mjini Szombathely, magharibi kabisa ya Hungaria, karibu na mpaka wa Austria, na mwanzilishi wake, András Nagy, ndiye hadi leo anayeimba na kushika gitaa la besi. Muziki wao ni blaki metali: magitaa yanakwaruzwa kwa kasi bila kupumzika, dramu zinakimbia, mwimbaji anakoroma badala ya kuimba. Ila katikati ya vurumai hilo mna tromboni. Si ya wimbo mmoja wa kuonjesha; vyombo vya kupuliza vya shaba vimo tangu albamu ya kwanza, na vimebaki.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekua nikisikia matarumbeta yakipita mtaani siku za harusi, kwa hiyo nilipoisikia ile tromboni mara ya kwanza niliacha nilichokuwa nafanya. Chuo kimefunga kwa mapumziko ya Novemba, nauli ninayo, nimeona niende nikaisikilize albamu hii kwao.

Kabla ya treni nimepita duka moja la santuri upande wa Pest, ndani ya ua wa jengo kuukuu. Nilitaka kuanzia nyuma. Sear Bliss walianza mambo yakiwa yamefunguka. Waliowatangulia walipita kwenye tundu la sindano. Enzi za János Kádár, kiongozi wa Hungaria ya kikomunisti, kazi za sanaa ziligawanywa mafungu matatu: zinazosaidiwa na dola, zinazovumiliwa na zinazopigwa marufuku. Mwenye kauli hapo alikuwa György Aczél, msimamizi wa utamaduni wa chama tawala. Kampuni ya santuri ilikuwa moja tu, Hungaroton, mali ya serikali. Hata kupiga muziki kwa malipo kulihitaji kibali: unasimama mbele ya jopo, unapimwa, ndipo unaruhusiwa. Hevi metali iliangukia fungu la kati, na kwa maoni yangu hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Hukukatazwa ukajua umekatazwa, wala hukusaidiwa. Ulisubirishwa.

Pokolgép waliunda bendi yao hapa Budapest mwaka 1980. Totális Metál, albamu yao ya kwanza, ilitoka 1986. Miaka sita wanajaza kumbi za vijana na nyumba za utamaduni, mashabiki wanaimba neno kwa neno, na dukani hakuna albamu yao hata moja.

Mwenye duka ni mzee mwenye vidole vya njano kwa tumbaku. Aliitoa santuri hiyo kwenye mfuko wake kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye taa kutafuta mikwaruzo, kisha akaipangusa kwa kitambaa laini akifuata mifereji, polepole, bila kurudisha mkono nyuma.

"Mzee, hii unauzaje?"

"Hiyo siuzi, mwanangu. Kaa, tusikilize."

Tumekaa. Upande wa kwanza wote hakusema kitu. József Kalapács anaimba kwa sauti ya juu, safi, kila neno la Kihungaria linasikika, na mzee midomo ilikuwa inamchezacheza tu. Santuri ilipogeuzwa ndipo akaniambia kwamba Agosti 1984, Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, walipokuja Budapest, alikuwepo, na kwamba usiku ule aliamini mlango umefunguka. Ikamlazimu angoje miaka miwili zaidi aweze kununua albamu ya metali ya lugha yake.

Kulikuwa na njia nyingine, ya kaseti. Tormentor, vijana wa Budapest, walirekodi Anno Domini mwaka 1988, na rekodi ile ikakosa kutoka rasmi hadi 1995. Lakini watu walinakili kaseti, wakatumiana kwa posta nchi hadi nchi, mpaka ikafika Norwei. Ndiyo maana bendi ya Mayhem ya huko ilimwita mwimbaji wa Tormentor, Attila Csihar, na sauti yake ndiyo iliyomo katika albamu ya Mayhem ya 1994, mojawapo ya nguzo za blaki metali duniani. Mkanda ambao nyumbani haukupata kampuni ulimpatia mwimbaji wake kazi ughaibuni. Vijana wa Szombathely walipoanza 1993, kwa hiyo, hawakuwa wanaiga kitu cha Wanorwei kutoka mbali. Walikuwa na mbegu yao humuhumu nchini.

Ijumaa, Győr

Treni ya kutoka stesheni ya Keleti, Budapest, hadi Győr haichoshi, tambarare tupu na mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Nimelala hapa kwa rafiki yangu wa Tanga anayesoma uhandisi wa magari. Mji wenyewe unaishi kwa magari; Audi wana kiwanda cha injini hapa tangu miaka ya 1990.

Jioni tumepika ugali. Unga wa mahindi wa madukani huku ni chenga kubwa, Wahungaria wanaupikia uji wao mzito wa puliszka, kwa hiyo mwenzangu ameusaga tena kwenye mashine ya kahawa ndipo ukakubali kushikana. Wakati anasonga nimemwekea Heavenly Down kwenye spika. Yeye ni mtu wa taarabu na dansi, metali haijui kabisa.

"Kaka, hawa wamekasirishwa na nani?"

"Vumilia kidogo."

Amevumilia huku anageuza mwiko. Kisha mkono ukasimama.

"Rudisha hapo. Hiyo ni tromboni."

Nimerudisha. Akazima jiko, akaja kukaa sakafuni karibu na spika. Mjomba wake alikuwa akipuliza tromboni kwenye bendi ya polisi, na utotoni yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuipaka mafuta ile bomba ya kuvuta, kwa kitambaa cha khanga kilichochanika. Ameninyoshea mkono kunionyesha jinsi mpigaji anavyotafuta noti bila vibonyezo: sehemu ni saba, hazina alama, mkono wenyewe ndio unaojua. Ukikosea kwa upana wa kidole, noti imechacha.

"Tarumbeta inatangaza," akasema. "Tromboni inalia. Sikia anavyoiteremsha pale mwisho. Huyo hakujifunza jana."

Nilikuwa naisikiliza albamu hii kwa miezi na sikuwa nimeutambua ule mteremko kuwa ni mkono wa mtu. Sasa siwezi kutousikia. Ugali tumeula baridi kidogo, kwa mchuzi wa soseji na pilipili ya paprika, na albamu ikarudiwa.

Jumamosi, Sopron

Treni za huku si za shirika la reli la taifa bali za GYSEV, kampuni ya Hungaria na Austria kwa pamoja, za kijani na njano. Csorna, Kapuvár, kisha ukungu. Sopron imekaa ndani ya Austria kama kidole. Desemba 1921 wakazi walipiga kura wabaki Hungaria, na wakabaki.

Nimekuja kwa ajili ya mnara. Mnara wa Moto wa Sopron una chini ya mawe ya kale, kiuno cha mviringo na kofia ya shaba iliyogeuka kijani. Juu yake waliishi walinzi wa moto, na walinzi hao walikuwa wanamuziki pia. Walipuliza kutangaza saa, walipuliza hatari, walipuliza kwenye sherehe za mji. Miji mingi ya Ulaya ya Kati ilikuwa na wapigaji wa minara wa namna hiyo, walioajiriwa na baraza la mji. Nimepanda ngazi za kuzunguka hadi kwenye veranda ya juu. Kunavuma. Unaona paa za vigae vyekundu, makanisa, vilima vya Austria. Ukiwaza mtu aliyesimama hapa usiku wa baridi na chombo cha shaba mdomoni, chombo chenyewe kimeshika barafu, unaelewa kwamba kupuliza shaba katika nchi hii kulikuwa kazi ya ulinzi kabla ya kuwa burudani. Siwezi kusema Sear Bliss waliichukua tromboni hapa. Ninachosema ni kwamba sikio la watu wa mkoa huu lilikwisha kuzoea sauti ya shaba kubeba habari nzito: moto, vita, mazishi. Hadi leo vijiji na zimamoto wana bendi zao za kupuliza. Mtoto anayejifunza tromboni huku haonekani kituko.

Sopron nao wana metali yao. Moby Dick walianzia hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakali, wa haraka, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1990, utawala wa zamani ulipokuwa umeanguka. Dalriada wakaja 1998, wakachukua mashairi ya János Arany, mshairi wa karne ya 19 ambaye kila mwanafunzi wa Hungaria amemkariri shuleni, wakayapigia magitaa. Mwaka 2009 wakamtolea albamu nzima. Nimewahi kuona ukumbi mzima ukikariri beti za Arany pamoja nao, wazee na vijana, na nikatamani siku moja nisikie bendi ya kwetu ikimbeba Muyaka bin Haji namna hiyo.

Mchana nimekwenda nje ya mji, mahali pa Pikiniki ya Ulaya ya 19 Agosti 1989. Lango la mbao lilifunguliwa kwa saa chache, na mamia ya Wajerumani Mashariki wakavuka kwenda Austria. Sikukaa sana, mvua imenyesha. Lakini mpaka huu una maana kwa muziki. Huku magharibi watu walinasa televisheni na redio za Austria waya wa mpakani ukiwa bado umesimama. Vijana wa Szombathely na Sopron walikuwa na dirisha ambalo wenzao wa mashariki ya nchi hawakuwa nalo.

Jumapili, Szombathely

Nimefika asubuhi kwa treni ya kupitia Bük. Mji umetulia, madirisha ya mikahawa yametangaza bata bukini na divai mpya, kwa kuwa sikukuu ya Mtakatifu Martin ni tarehe 11 na Martin mwenyewe alizaliwa hapa mwaka 316. Wakati huo mji uliitwa Savaria, koloni la Kirumi lililoanzishwa na Kaisari Klaudio, na ndio mji mkongwe kuliko yote Hungaria.

Nimeanzia nyuma ya kanisa kuu, kwenye bustani ya magofu. Pale kuna kipande cha Barabara ya Kaharabu, njia iliyotoka bahari ya Adria kwenda kaskazini hadi Baltiki. Mawe ni ya volkano, meusi, mapana, pembe zimelainika. Nimechuchumaa nikaweka kiganja juu ya moja: baridi yake inapanda hadi kwenye kiwiko, na katikati pamebonyea, maji ya mvua ya jana yamesimama humo. Kanisa lililo pembeni lilibomolewa kwa mabomu tarehe 4 Machi 1945 na kujengwa upya. Hatua chache kutoka hapo, Warumi; juu yao, Wakristo; juu yao, vita. Mtu aliyekulia mji huu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mambo ya kuandikia muziki unaohusu vilivyopotea.

Kisha Iseum, hekalu la Isis, lililofukuliwa miaka ya 1950 na kusimamishwa tena nguzo zake. Isis wa Misri, hapa, kwenye ukungu wa Pannonia, jimbo la Warumi. Wafanyabiashara walimleta kwa barabara ileile ya kaharabu. Juu kwenye mawe amechongwa amepanda mbwa. Nimesimama mbele yake muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mungu wa bara langu alifika hapa zaidi ya miaka elfu moja na mia nane kabla yangu.

Saa nane nimevaa hedifoni, nikaanza kutembea, nikaibonyeza Heavenly Down tangu mwanzo.

Nieleze ninachokisikia, maana ndicho kilichonileta. Magitaa mawili yanapiga noti moja mara nyingi sana kwa sekunde, mpaka noti inageuka pazia. Dramu chini yake zinakimbia. Juu ya hayo kinanda kinaweka anga. Halafu tromboni inaingia na noti ndefu, haina haraka hata kidogo. Kwa hiyo sikio linapata mwendo wa aina mbili kwa wakati mmoja: chini watu wanakimbia, juu mtu anatembea. Hapo ndipo ulipo uzito wa Sear Bliss. Bendi nyingi za metali zinapotaka ukuu hubonyeza kitufe cha kinanda, zikapata matarumbeta ya bandia yanayolingana kila mara. Tromboni ya kweli ina pumzi. Inaanza na mguso wa ulimi, inavimba, inakaribia kuishiwa, inakatika pale pafu lilipokatika.

Na si rahisi kuirekodi. Tromboni na gitaa lililochafuliwa kwa makusudi hukaa eneo moja la sauti, la kati, na vikigongana vyote viwili hugeuka tope. Lazima fundi mitambo ampunguze mmoja ili mwingine apite, na lazima mtunzi mwenyewe aache nafasi. Kwenye Phantoms ya 1996, albamu ya kwanza, nafasi hiyo ilipatikana kwa bahati na ujana. Rekodi ni mbichi, shaba inapasua kila kitu. Kwenye Eternal Recurrence ya 2012 walipunguza mwendo, wakaacha anga itawale, na mimi nasema walikwenda mbali mno upande huo. Letters from the Edge ya 2018 ikarudisha meno. Heavenly Down, miaka sita baadaye, chini ya Hammerheart Records ya Uholanzi, ndiyo ya kwanza ambamo naona vyote vimekaa mahali pake: ukali wa mwanzo, subira ya katikati, na tromboni iliyopewa nafasi ya kuongoza wimbo badala ya kuupamba. Bendi yenye zaidi ya miaka 30 haitegemewi kutoa kazi yake bora sasa. Hawa wametoa, na nitaitetea kauli hiyo mbele ya shabiki yeyote.

Kuna kasoro moja. Sauti ya Nagy imewekwa chini kidogo, na maneno yake ya Kiingereza hayashikiki bila kusoma karatasi ya ndani. Yule mzee wa Budapest angelalamika. Kwake yeye neno ni nusu ya wimbo.

Nimetembea kutoka Iseum hadi Fő tér, uwanja mkuu, mpaka upande wa pili. Pale ukutani pana sanamu ya James Joyce, mwandishi wa Ireland, anatoka nje ya ukuta, kwa kuwa katika riwaya yake Ulysses alimfanya baba wa mhusika wake Bloom kuwa mtu wa Szombathely. Hakuna sanamu ya Sear Bliss, wala ya Lord. Lord ni bendi ya roki nzito iliyoanzishwa mjini hapa mwaka 1972, na ingali na mashabiki nchi nzima. Hilo nalo lina uzito wake: watoto waliozaliwa hapa miaka ya 1970 walikua wakijua kwamba bendi inaweza kutoka Szombathely, ikajulikana, na isihamie Budapest. Wanaoanzisha bendi katika mji ambao haujawahi kutoa bendi wanabeba shaka ambayo hawa hawakuibeba.

Jioni nimekula paja la bata bukini na kabichi nyekundu. Mhudumu, dada wa makamo, ameona fulana yangu akauliza nimewajulia wapi hao. Nilipomwambia nimetoka Kenya amemwita mpishi aje aone. Mpishi alisoma shule moja na mtu aliyewahi kuwabebea vyombo. Ndivyo alivyosema, na kwa mji huu sina sababu ya kutoamini.

Jumatatu, Kőszeg

Kilomita 18 tu kwa treni, kaskazini. Kőszeg ni mji mdogo wa ngome, na kengele zake hulia saa tano asubuhi kila siku kukumbuka mwaka 1532, Miklós Jurisics na watu wachache walipolizuia jeshi kubwa la Sultani Suleiman. Nimezisikia. Nimepanda kidogo njia ya kuelekea Írottkő, mlima wa mita 884 ambao mpaka unapita juu yake. Enzi za pazia la chuma, mpaka uliofungwa kati ya nchi za kikomunisti na Magharibi, raia hakuruhusiwa kukaribia eneo hili bila kibali. Leo nimekutana na bibi wawili na mbwa.

Huko juu hapana mtandao, kwa hiyo nilisikiliza santuri ya mzee wa Budapest, yaani nakala ya Totális Metál niliyokuwa nayo kwenye simu, kisha nikaweka Heavenly Down juu yake. Ukiziweka pamoja unasikia tofauti ya nchi mbili. Ya 1986 inataka kusikika. Kila gitaa linagonga mlango. Ya 2024 haiombi ruhusa ya mtu. Inaweza kumudu dakika nzima ya tromboni na kinanda kabla dramu hazijaingia, kwa sababu hakuna jopo linalosubiri kuamua kama hiyo ni metali au sio.

Niliporudi stesheni simu ilipata mtandao, jumbe za rafiki yangu wa Győr zikaingia kwa mfululizo. Amesikiliza albamu njiani kwenda darasani. Amempigia mjomba wake Tanga, akamchezea kipande kwa simu, na mzee akauliza mpigaji anatumia mdomo wa ukubwa gani. Sasa anataka nyingine. Nimemwambia aanze na Phantoms avumilie ubichi wake, kisha Glory and Perdition ya 2004, kisha Letters from the Edge. Amejibu kwamba mjomba anataka zote tisa kwenye kadi ya simu, na tarehe 20 kuna mtu wa Tanga anasafiri kutoka Vienna.